Kihema cha kuvizia kulungu: kwa nini cha shemeji kilikufa msimu mmoja, na tulichonunua baada ya hapo

Hili swali nimeulizwa mara nyingi na ndugu zetu wa hapa Iowa, hata wa Minnesota na Illinois ambao wameanza kuwinda, kwamba kihema gani cha kuvizia kulungu kinadumu, na kila mara najibu nusunusu kwenye simu nikiwa na haraka ya kazini. Leo nimekaa niandike kisa kimoja chote, kisa cha shemeji yangu, kaka wa mke wangu, sababu ndani yake yamo makosa karibu yote ninayoyajua kuhusu hii kitu na majibu yake pia.

Kwa ambaye hajawahi kukiona, Wazungu wanakiita blaindi. Ni kihema cha kitambaa cha rangi ya majani makavu, hakina sakafu, ndani cheusi tii, kina madirisha pande zote, unakaa kwenye kiti humo ndani unasubiri mnyama apite. Sisi tuliokulia bonde la Kilombero wazo lenyewe tunalijua, ni dungu lililoshushwa chini, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba. Na nasema kulungu ingawa sio yule wa kwetu, huyu wa Marekani ni wa mkia mweupe, dume lake linaangusha pembe kila mwaka linaotesha mpya, ila Waswahili wa huku wote tunamwita kulungu na tunaelewana.

Sasa mazingira, maana ukiyaruka haya utanunua kitu kisichokufaa hata kama ni kizuri. Ardhi ya Iowa karibu yote ni ya watu binafsi. Huwezi kujiingilia tu, unagonga mlango, unajitambulisha, unaomba ruhusa. Shemeji aligonga milango mingi Cedar Rapids kwenda nje huko mpaka mzee mmoja mkulima akamkubalia, akampa kona ya shamba lake, mahindi na soya upande mmoja, kijito upande wa pili, katikati ukanda mwembamba wa mialoni ambao kulungu wanautumia kama barabara. Hakuna karatasi, ni neno la mdomo na kupeana mkono, na kila kiangazi shemeji anarudi kuomba upya, anapeleka na nyama kidogo ya mwaka uliopita. Shikilia hiyo habari ya kupeana mkono, nitairudia.

Cha pili ni kwamba shemeji hawindi peke yake, anawinda na kijana wake ambaye wakati huo alikuwa na miaka 13. Iowa wana msimu wa vijana unaoanza katikati ya Septemba, kwa walio chini ya miaka 16 wakiwa na mtu mzima mwenye leseni, halafu Desemba inakuja misimu ya shotgani, wa kwanza siku tano kuanzia Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wa pili siku tisa kuanzia Jumamosi inayofuata. Yani kihema kinatakiwa kufanya kazi kwenye joto la Septemba lenye mbu na kwenye baridi ya Desemba inayogandisha maji ya kunywa kwenye chupa. Na mtoto hatulii, anajikuna, anafungua biskuti, anageuka geuka. Ukimpandisha kwenye kiti cha juu ya mti anaonekana na anaweza kuanguka. Ndani ya kihema unamsamehe.

Basi mwaka ule wa kwanza shemeji akanunua kihema cha dola 89. Simlaumu, hela ilikuwa ndogo, ameshalipia leseni, ameshanunua nguo za rangi ya chungwa za watu wawili, viti, buti. Kwenye boksi waliandika kwa herufi kubwa kinadumu na kinafaa hali zote za hewa. Akakisimamisha mwanzoni mwa Septemba akakiacha pale pale, ndio ilikuwa raha yake, kwamba kulungu wakizoee na yeye asiwe anahangaika kukibeba, maana anafanya kazi zamu ya usiku na kila dakika ya usingizi anaihesabu.

Mwezi wa kwanza kilikuwa kizuri. Novemba majani yakaanguka na upepo wa huku ukakosa kizuizi, siku moja akakuta paa limegeukia ndani kama mwavuli. Akalisukuma likarudi. Desemba aliwinda nacho, kijana hakupata kitu, wakarudi nyumbani wakakiacha. Mwezi wa tatu ndio akaenda kukichukua, akanipigia simu akiwa palepale, "shem, hebu njoo uone, hiki kitu kimelala chini kama kimekanyagwa na ng'ombe." Nikaenda.

Hapo ndipo nikafanya kitu ambacho nashauri kila mtu akifanye kabla hajatupa kihema kilichokufa, tulikibeba mpaka garaji kwangu tukakitandaza sakafuni na kukikagua kipande kwa kipande kama mtu anayetafuta kwa nini injini imenoki.

Kitambaa, ambacho wote tulidhani ndicho chenye kosa, kilikuwa hakijambo. Kimepauka upande wa kusini, ndio, na pembeni chini kulikuwa na tundu la ukubwa wa sarafu ambalo panya walitafuna, tukakuta na kiota chao cha nyuzi nyeusi kwenye mfuko wa ndani pale dogo alipokuwa anaweka biskuti. Lakini ukuta ulikuwa mzima. Kilichovunjika ni paa. Hivi vihema vina pande tano, kuta nne na paa, kila upande una kitovu katikati, wanakiita habu, na fito nne za faibaglasi zinatoka pale kwenda kwenye kona. Ukikivuta kile kitovu nje, fito zinajipinda na ukuta unakaza kwa nguvu ya mpindo. Habu ya paa ilikuwa ya plastiki. Nilipoishika mkononi nikaona ufa umeanzia kwenye tundu la kila ufito, matundu manne nyufa nne, na mbili zilikuwa zimekutana, kipande kimetoka kabisa. Fito mbili zilikuwa zimepasuka pale pale zinapoingia kwenye kile kibomba cha chuma cha kuungia, sio katikati, pale pale kwenye maungio, na nyuzi za faibaglasi zimechomoza kama mwiba wa nungunungu, nikachomwa kidole na ilichukua siku mbili kuutoa. Ufito mmoja ulitoboa mfuko wake wa kona ukatokea nje, na pale ndipo kitambaa kilipochanika.

Kwa hiyo mlolongo ulikuwa hivi. Theluji ilikaa juu ya paa, paa likashuka, fito zikapindika upande ambao hazikutengenezwa kupindika, plastiki iliyokuwa imekakamaa kwa baridi na kwa jua la miezi mitano ikapasuka, ufito ukaachia, ukatoboa, basi. Nikamfanyia shemeji hesabu kwenye ubao wa garaji. Paa la mita 1.8 kwa 1.8 ni kama mita za mraba 3.2. Theluji mbichi yenye maji inaweza kufika kilo 200 kwa mita moja ya ujazo, hata zaidi. Ikikaa sentimita 15 tu, ambayo huku ni theluji ya kawaida kabisa, ni karibu kilo 97. Yani mtu mzima mnene amelala juu ya kihema, na kilichomshikilia ni fito nne nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho. Hakuna kihema cha kitambaa cha kukunja, cha bei yoyote, ambacho nitakuahidi kitabeba hiyo kwa miezi mitatu.

Hii ilitubadilisha mawazo wote wawili. Tulikuwa tumejipanga kutafuta kitambaa kizito zaidi, maana ndicho kinachotangazwa, utaona wameandika 300D, 600D, watu wanadhani ni kama nguvu ya farasi kwenye gari. Hiyo D ni uzito wa uzi tu, ukichukua uzi wa mita 9,000 ukaupima ukawa gramu 600 basi ni 600D. Haikwambii umefumwa kwa kubanana kiasi gani, haikwambii umepakwa nini nyuma, haikwambii kama una dawa ya kuzuia jua. 600D ya hovyo itachakaa kabla ya 300D iliyofumwa vizuri. Nikipewa kuchagua naangalia namba, sikatai, lakini naiangalia mwisho.

Sasa shemeji baada ya kuona ile maiti ya kihema akaenda upande wa pili kabisa. Akasema shem, mi nimechoka, nataka kile kibanda kigumu. Kuna vile vibanda vya plastiki nzito vinamwagwa kwenye kalibu kipande kizima, kampuni ya Banks wanacho kinaitwa Stump, kuna vya faibaglasi pia, vina mlango, vina madirisha ya kioo, theluji inateleza tu juu. Na kwa kudumu, nasema wazi, hakuna ubishi, kitamzika mwenye nacho. Kile alichokitaka kilikuwa zaidi ya dola 1,500 bila jukwaa la kukikalisha na bila kukisafirisha, na alikuwa tayari kukopa.

Tulibishana wiki mbili, na hoja yangu haikuwa bei. Nilimuuliza, shemeji, ile ardhi ni ya nani. Mzee ana umri mkubwa, ana watoto Des Moines, akilala asiamke au wakikodisha shamba kwa mtu mwingine ambaye ana wawindaji wake, wewe kibanda chako cha kubebwa na trela na watu wanne utakipeleka wapi, uwani kwenye apatimenti? Na hata mzee akiishi miaka 100 kuna jambo jingine, Iowa mkulima anapanda mahindi mwaka huu na soya mwaka unaofuata kwenye kipande kilekile, na kulungu anabadilisha njia kufuata chakula na kufuata mahindi marefu ya kujifichia. Mahali pazuri pa mwaka huu panaweza kuwa pabaya mwakani. Kibanda kigumu ni kwa mwenye ardhi, au mwenye mkataba wa miaka. Sisi tunapeana mkono.

Hapo nikamkumbusha dungu la bibi yangu kule bondeni, tulikuwa tunahamia shambani msimu wa mpunga kulinda ndege na nguruwe, wanaume wanakata miti wanajenga dungu kwa siku mbili, tunakaa miezi, tukishavuna linaachwa linaoza na mafuriko yanalibeba. Hakuna mtu aliyewahi kusema lile dungu ni bovu. Lilikuwa linadumu kiasi cha kazi yake. Shemeji alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema sawa, lakini mi sitaki kununua kila mwaka. Hilo nalo ni la haki kabisa, na ndilo likawa swali letu la kweli, kwamba tunataka kihema kitakachotumika misimu minne mitano kwa mtu ambaye anaweza kuambiwa ahame wakati wowote.

Njia nyingine mbili tulizipima haraka. Kuna kihema cha umbo la robota la majani makavu, fremu ya chuma na kitambaa kama gunia, ni imara sana na kulungu wameshazoea marobota mashambani, ila kona ya shemeji ni ya mialoni na kijito, robota pale lingeonekana kama meli porini, na ni zito. Na kuna kujitengenezea, unachukua paneli ya waya wa ng'ombe ya futi 16 unaipinda upinde, unafunga turubai na nyasi juu, ni rahisi na theluji inavumilika sababu paa ni la duara, mimi mwenyewe naipenda sana hii na ningekuwa na ardhi yangu ningefanya hiyo kesho, lakini mzee alikuwa amesema tangu mwanzo hataki waya kubaki shambani, mashine yake ya kuvunia ikiumeza ni hasara kubwa. Basi tukarudi kwenye kihema cha kukunja, safari hii tukijua tunatafuta nini.

Dukani tulienda na viti vyetu viwili. Watu walituangalia lakini ilisaidia kuliko kitu chochote, sababu vipimo vya kwenye boksi mara nyingi ni vya kitovu mpaka kitovu, pale ukuta ulipotokeza nje zaidi, wakati miguu ya kiti inakaa chini ambako ni padogo. Kihema kimeandikwa inchi 75 na chini ni 58 kwa 58, na viti viwili na kijana anayekua havikai. Tukavikataa viwili hapohapo.

Halafu habu. Nilimwambia shemeji asiangalie kitu kingine mpaka ameangalia habu, hasa ya paa. Tulitaka ya chuma, ambayo kila ufito umeingia kwenye kikombe chake na umeshikwa na pini au skrubu, sio umebanwa tu kwenye plastiki. Unakishika kitovu unakitikisa, kikilegea leo kipya kitakuwaje Desemba. Unafungua na kufunga paa mara kumi, unasikiliza. Cha kwanza tulichojaribu kilitoa mlio wa kukatika kila mara, mhudumu akasema ni kawaida ya kipya, tukakiacha. Ncha za fito pale kwenye kona tulitaka ziwe zimeingia kwenye mfuko wenye tabaka mbili au ngozi nzito, maana umeona pale cha zamani kilipotoboka. Na kamba, kila ukuta uwe na kishikizo cha kufunga kamba palepale kwenye kitovu, sio kwenye kona tu, kwa sababu upepo unasukuma tumbo la ukuta.

Madirisha tulitaka ya kulabu na vifungo vya kuteleza, sio zipu. Zipu ina mambo mawili, kelele, na barafu. Asubuhi ya nyuzi 10 chini ya sifuri pumzi yenu ndani inageuka umande unaganda kwenye meno ya zipu, ukiivuta kwa glavu ama haiji ama inakuja na sauti ambayo kulungu wa mita 60 anaisikia. Mlango tulikubali zipu, hauna njia nyingine nyingi, lakini zipu nene yenye kamba ya kushika.

Na jaribio ninalolipenda kuliko yote, tulilifanya nyumbani siku ya kwanza ilhali risiti bado ipo. Saa sita mchana jua kali, shemeji na dogo wakaingia ndani nikafunga kila dirisha nikawaambia wakae dakika tano macho yazoee giza. Dogo akapiga kelele, "anko, kuna nyota!" Ni matundu ya sindano kwenye mishono. Kidogo kidogo ni sawa, kila mshono unavujisha. Ila kwenye kona moja ya paa nyota zilikuwa mstari mzima na kila tundu limevutika kama kope la jicho, maana yake mshono ule unabeba mzigo ambao haukutakiwa kuubeba, na mvua itapita hapo kwanza. Tulikirudisha tukapewa kingine cha aina ileile, kikawa safi. Dola 329, ilikuwa kwenye ofa ya Agosti. Kilo nane na ushee kwenye begi lake, dogo anakibeba mgongoni mwenyewe.

Sasa nusu nyingine ya kudumu haiuzwi dukani, na kihema cha dola 329 kikitunzwa kama kile cha 89 kitakufa vilevile, kitachelewa kidogo tu.

Kwanza tulikianika uwani wiki nzima madirisha wazi, kitoke harufu ya kiwandani, maana kulungu pua yake ndiyo maisha yake. Tukakipeleka shamba mwisho wa Agosti, tukakiweka mgongo kwenye vichaka ili asionekane mtu kama kivuli dhidi ya mwanga, na madirisha ya nyuma hayafunguliwi kabisa, hilo dogo aliapa. Vile vigingi vya waya vilivyokuja nacho hatukuvitumia hata kimoja, tulinunua vya kuzungusha kama skrubu, tukavizungusha ardhini wakati udongo bado laini, sababu Desemba ardhi ya huku ni zege huwezi kuingiza kitu. Kamba nne za vitovu, nne za kona. Wale tuliokuwepo Cedar Rapids tarehe 10 Agosti 2020, ile dhoruba ya derecho iliyong'oa miti nusu ya mji, hatuhitaji kufundishwa kufunga kamba.

Ule upindo wa chini, kitambaa kinacholala ardhini, watu wanaufukia na udongo kuzuia upepo na harufu. Usifanye hivyo kama utakaa mpaka baridi. Udongo unalowa, unaganda, siku ya kung'oa unavuta unachana. Sisi tuliweka matawi ya mwaloni na mabua ya mahindi juu yake, na mengine tukayachomeka kwenye vitanzi vya ukutani, na hayo yanakinga jua pia, upande wa kusini hasa, ambako kile cha kwanza kilipauka.

Ndani tukaweka mhimili. Ni ubao mwembamba wa mraba tumeukata ufike kwenye kitovu cha paa, juu yake tumetoboa mpira wa tenisi tukauvika ubao ili usitoboe kitambaa. Dola tano. Tukiondoka tunausimamisha, tukiingia tunaulaza pembeni. Hautazuia theluji ya wiki, lakini paa haligeuki kwa upepo tena na theluji ya usiku mmoja unaikuta inasubiri uigonge kwa ndani idondoke.

Rangi ya chungwa ni lazima, na naisisitiza kwa sababu ni uhai wa mtu. Misimu ya bunduki hapa Iowa kihema chako kinatakiwa kiwe na alama ya rangi ya chungwa inayowaka, isiyopungua inchi za mraba 144, yani futi moja kwa futi moja, inayoonekana pande zote. Na wewe ndani bado unavaa kizibao chako cha chungwa. Kuna wanaodhani kulungu atakimbia, hapana, macho yake hayaioni chungwa kama sisi, anaona bluu vizuri zaidi. Tulishona vipande vinne, kila ukuta kimoja, na kamba ya kuvifungia, vinatoka vikiisha msimu.

Jambo moja la ndani ambalo nusura liharibu kihema kipya. Darubini ya bunduki imekaa juu ya mtutu. Unaweza kuangalia kwenye darubini ukaona nje peupe kabisa, mnyama amesimama, kumbe mdomo wa mtutu bado uko nyuma ya kitambaa, chini ya ukingo wa dirisha. Ukifyatua umetoboa ukuta wako na risasi imepotea. Dogo alikuwa karibu kufanya hivyo mazoezini, bunduki tupu, baba yake akaona. Toka siku ile kuna sheria ya nyumba, mtutu unatoka nje ya dirisha kwanza ndio jicho linakuja kwenye darubini, na masikio yamezibwa, maana shotgani ndani ya kihema inapiga kama radi.

Na la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, kinarudi nyumbani. Msimu wa pili wa shotgani ukiisha, kabla ya Krismasi, kinashushwa. Katikati ya msimu wakitangaza theluji nzito shemeji anaendesha dakika 35 kwenda kukilaza chini, anafungua vitovu tu kinalala bapa, theluji inakaa juu yake bila kuvunja kitu. Ile zamu ya usiku bado ipo na usingizi bado anauhesabu, lakini anasema dakika 35 ni nafuu kuliko ile safari ya mwezi wa tatu. Nyumbani kinasimamishwa garajini siku tatu kikauke kabisa, ukikikunja na unyevu ukungu unakula ile dawa ya nyuma ya kitambaa, mfuko unapekuliwa makombo, halafu begi linaning'inizwa darini kwa kamba, sio sakafuni, panya hawafiki.

Msimu wa kwanza nacho dogo alipata jike Septemba, na kwa mara ya kwanza nilikula nyama iliyowindwa na mtoto wa familia yetu mwenyewe, mke wangu aliipika nazi na ndizi na tukapeleka bakuli kwa yule mzee. Msimu wa pili mzee akapanda mahindi pale tulipokuwa tumezoea, na mvua ikachelewesha kuvuna, mahindi yakasimama mpaka katikati ya Novemba. Kulungu wakawa wanaishi humo humo ndani, kwenye mialoni hapiti hata mmoja. Tulikunja kihema Jumapili moja mchana, tukakihamishia hatua kama 300 chini kwenye kivuko cha kijito, kufungua mpaka kufunga kamba nane ilikuwa dakika 40 na nyingi zilikuwa za kukata matawi. Shemeji alisimama pale akaniambia, shem, kile kibanda ningekuwa bado nakilipia na ningekuwa nakiangalia kwa mbali.

Hali yake leo baada ya misimu miwili, nimekikagua juzi. Habu tano zote nzima, hazina ufa. Ufito mmoja wa ukuta wa magharibi umeanza kuchomoza nyuzi pale kwenye kibomba, tumeuzungushia tepu na tumeagiza wa akiba, na huo pia ni uzuri wa kuchagua kampuni inayouza vipuri, kile cha kwanza hakikuwa na kipuri popote. Vifungo viwili vya dirisha vimepotea. Upande wa kusini umepauka kiasi lakini ukikwaruza kwa kucha kitambaa hakitoi unga, kikianza kutoa unga nitajua jua limeshakila. Nakikadiria misimu miwili mbele, labda mitatu. Dogo sasa ana miaka 15 na amerefuka, magoti yanagusa ukuta akikaa, na Agosti tutapeleka viti dukani tena kupima, ila hiki tutambakishia baba yake.